Salmonella sugu kwenye kuku wa nyama: kwa nini dawa haimtoi bandani

Banda lenye Salmonella sugu, yaani bakteria ambaye dawa za antibiotiki hazimuui tena, kwa kawaida halionyeshi dalili yoyote. Kuku wanakula, uzito unapanda, vifo haviongezeki, na ikifika siku ya 35 au 42 kundi linapelekwa machinjioni. Bakteria wako kwenye sekamu, yaani ile mifuko miwili iliyoziba karibu na mwisho wa utumbo, wakati mwingine kwa mamilioni katika gramu moja, na kuku mwenyewe hana habari. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Mfugaji amezoea kutafuta dawa pale anapoona ugonjwa, lakini hapa hakuna ugonjwa wa kuonekana. Tena dawa iliyoleta usugu mara nyingi ilitolewa kwa sababu nyingine kabisa: mafua, kuharisha, au vifaranga waliovimba kitovu.

Kwanza tutenganishe makundi mawili yenye jina moja. Salmonella wana aina zaidi ya 2,500. Mbili kati ya hizo, Gallinarum na Pullorum, ni za ndege. Gallinarum huleta homa ya matumbo ya kuku: ini linavimba na kugeuka rangi ya shaba yenye ukijani, wengu unakua, na vifo vinapanda. Pullorum huua vifaranga wa wiki mbili tatu za mwanzo, wale wenye kinyesi cheupe kinachoganda nyuma. Hawa wawili humtia hasara mfugaji lakini ni nadra kumdhuru mlaji. Kundi la pili, wakiwemo Enteritidis, Typhimurium, Infantis, Kentucky na Heidelberg, hukaa ndani ya kuku wa nyama kimyakimya kisha wakamwangusha anayekula. Makala haya yanahusu kundi hili la pili, na ushauri unaofaa kwa kundi la kwanza usihamishiwe huku bila kufikiri.

Kuna maswali mawili ambayo lazima yaulizwe kila moja peke yake. La kwanza: Salmonella ameingiaje? La pili: kwa nini aliyebaki ni sugu? Antibiotiki inahusika na swali la pili. Haimtoi Salmonella bandani. Inaamua tu ni yupi atakayebaki.

Anaingia kwa milango gani

Mlango wa kwanza ni kifaranga. Enteritidis anaweza kukaa kwenye ovari na mrija wa mayai wa kuku mzazi, hivyo anaingia ndani ya yai kabla ganda halijafunga. Aina nyingine hutumia njia rahisi zaidi. Yai linatoka likiwa la moto na lenye unyevu, linaangukia kinyesi, na linapopoa vilivyomo ndani vinasinyaa na kuvuta bakteria kupitia vitundu vya ganda. Kulifuta yai hilo kwa kitambaa chenye maji baridi, jambo linalofanywa kwa nia njema, kunaongeza mvuto huo na kuondoa utando unaolinda vitundu. Mayai ya kutotolesha yaliyochafuka hayasafishwi, yanatengwa.

Kisha kuna mashine ya kuangulia. Mayai huhamishiwa humo siku ya 18. Joto liko karibu nyuzi 37, unyevu uko juu, feni inazunguka muda wote. Kifaranga mmoja akitoboa ganda lenye Salmonella, manyoya laini na vumbi la ute uliokauka vinapeperushwa kwenye trei zote, na wenzake waliotoka mayai safi wanavuta na kumeza. Kifaranga wa siku moja bado hana bakteria wa kawaida wa utumbo wa kumzuia mgeni, kwa hiyo Salmonella wasiofika 100 wanatosha kumtawala. Akishafika wiki tatu angehitaji kumeza wengi zaidi mara nyingi. Ndiyo maana saa 72 za mwanzo zina uzito kuliko wiki zote zinazofuata.

Chakula nacho kina nafasi yake, hasa mashudu na unga wa samaki au nyama. Kukanda chakula kwa mvuke wa nyuzi 80 hadi 85 kabla ya kukibana kuwa punje kunaua Salmonella wengi, ila punje zile zikipita kwenye kipoozeo chenye vumbi na unyevu zinaambukizwa upya. Mifuko ya chakula iliyokuwa safi kiwandani inaweza pia kukojolewa na panya stoo.

Panya wanastahili hofu kubwa kuliko wanayopewa. Kidonge kimoja cha kinyesi cha panya mdogo aliyeambukizwa kinaweza kubeba Salmonella zaidi ya 100,000, na panya mmoja hudondosha vidonge kama 50 hadi 100 kwa siku. Panya anaishi kwenye kuta wakati banda limesafishwa na kukaa tupu, halafu anarudi kwenye maranda mapya na kuwaambukiza vifaranga wapya kwa bakteria walewale wa kundi lililopita. Mbawakawa weusi wadogo wa kwenye maranda hufanya vivyo hivyo: banda likipoa baada ya kuku kuondoka, wanapanda kwenye nyufa na chini ya vifuniko vya joto, na joto likirudi wanashuka, na vifaranga wanawala.

Usugu unavyobebwa

Bakteria hukwepa dawa kwa njia chache zinazojulikana. Anatengeneza kimeng'enya kinachokata molekuli ya dawa, kama wanavyofanya wanaokinza ampisilini na jamii ya seftriaksoni. Anaitoa dawa nje kwa pampu zilizo kwenye ukuta wake, jambo la kawaida kwa tetrasaiklini. Au anabadilisha sehemu ile ambayo dawa ilikuwa ishike: badiliko dogo kwenye jeni ya gyrA linatosha kupunguza nguvu ya enrofloksasini na siprofloksasini.

Badiliko la gyrA linapita kutoka kwa mama kwenda kwa binti tu. Jeni nyingi nyingine hukaa kwenye plazmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo kilicho nje ya kromosomu, na plazmidi inahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa aina tofauti. E. koli wa kawaida wa utumbo wa kuku, asiyemdhuru mtu yeyote, anaweza kuwa ghala la jeni hizo na kumkabidhi Salmonella anapopita. Kwa hiyo swali la kama dawa fulani ilitolewa kutibu Salmonella halina maana kubwa. Dawa iliyotolewa kutibu mafua inawagusa bakteria wote wa utumbo kwa pamoja.

Tatizo linakuwa gumu zaidi kwa sababu plazmidi moja hubeba jeni kadhaa kama funguo kwenye kishikizo kimoja: ukishika mmoja umeshika zote. Mfano unaojulikana sana ni Salmonella Infantis mwenye plazmidi kubwa iitwayo pESI, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Israeli na sasa inapatikana kwenye kuku wa nyama katika mabara kadhaa. Ndani yake kuna usugu dhidi ya tetrasaiklini, sulfonamidi na trimethoprimu, pamoja na jeni za kuvumilia zebaki na za kumsaidia bakteria kujishikiza kwenye utumbo. Baadhi ya matawi yake yameongeza kimeng'enya cha kukata dawa za jamii ya seftriaksoni. Matokeo yake ni kwamba tetrasaiklini, dawa ya zamani inayodhaniwa haina madhara, inamlinda bakteria mwenye usugu dhidi ya dawa ambayo mfugaji hajawahi kuishika mkononi.

Je, ukiacha dawa usugu unaondoka? Wakati mwingine ndiyo, lakini si kwa haraka na si wote. Plazmidi nyingi zina mfumo wa sumu na kizuia sumu. Sumu inadumu na kizuizi kinaharibika upesi, hivyo bakteria mtoto anayezaliwa bila plazmidi anakufa kwa sumu aliyoirithi. pESI ina mfumo wa namna hiyo. Hata hivyo katika ngazi ya nchi nzima kuacha kunaonekana. Quebec, nchini Kanada, vituo vya kutotolesha vilikuwa vinadunga antibiotiki iitwayo seftiofuri ndani ya mayai pamoja na chanjo. Mwaka 2005 viliacha kwa hiari. Kati ya Salmonella Heidelberg waliopatikana kwenye nyama ya kuku madukani, waliokuwa sugu kwa dawa hiyo walishuka kutoka asilimia 62 mwaka 2004 hadi asilimia 7 mwaka 2006. Kwa wagonjwa binadamu walishuka kutoka asilimia 36 hadi 8. Matumizi yaliporudi kwa sehemu mwaka 2007, usugu nao ukaanza kupanda tena.

Kisa hicho kinafundisha jambo ambalo mfugaji mdogo mara nyingi haambiwi. Mtu ambaye kabati lake halina hata pakiti moja ya antibiotiki anaweza kupokea vifaranga ambao bakteria wao walishachujwa kabla hawajatoka kwenye ganda. Swali la kwanza kwa muuzaji wa vifaranga liwe hili: mnadunga au kunyunyizia antibiotiki gani, kwenye yai au kwa kifaranga wa siku moja? Muuzaji asiyetaka kujibu ameshajibu.

Seftiofuri ni ndugu wa seftriaksoni, na enrofloksasini ni ndugu wa siprofloksasini. Sehemu ya enrofloksasini hugeuka kuwa siprofloksasini ndani ya mwili wa kuku. Seftriaksoni na siprofloksasini, pamoja na azithromaisini, ndizo daktari wa binadamu anazozitegemea Salmonella anapoingia kwenye damu. Wagonjwa wengi wa kuharisha hupona wenyewe ndani ya siku 4 hadi 7 bila antibiotiki yoyote. Wanaohitaji dawa kweli ni watoto wachanga, wazee na wenye kinga dhaifu, na hao ndio wanaolipa gharama ya usugu. Kwa sababu hiyo Marekani iliondoa kibali cha enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005, ingawa bakteria aliyesababisha uamuzi huo alikuwa mwingine wa utumbo wa kuku, Kampailobakta. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na mwaka huohuo ukakataza antibiotiki kutumika kama njia ya kudhibiti Salmonella kwenye kuku, isipokuwa kwa hali maalumu. Kolistini, antibiotiki nyingine, nayo ilibadilika hadhi baada ya wanasayansi nchini China kutangaza mwaka 2015 jeni ya usugu dhidi yake, mcr-1, inayohama kwa plazmidi.

Hesabu ya dawa kwenye maji

Kuku wa nyama hatibiwi mmojammoja. Dawa inawekwa kwenye maji na banda zima linakunywa, wazima na wagonjwa. Makosa mengi yanatokea hapa, na karibu yote ni ya hesabu.

Chukua kuku 1,000 wa kilo 1.2, sawa na kilo 1,200 za uzito hai. Daktari wa mifugo ameandika dawa ya miligramu 20 kwa kilo kwa siku. Hiyo ni miligramu 24,000, yaani gramu 24 za dawa halisi. Poda iliyopo ina asilimia 20 ya dawa. Iliyobaki ni kijazio. Kwa hiyo zinahitajika gramu 120 za poda kwa siku. Kuku wa umri huo, hali ya hewa ikiwa ya wastani, hunywa karibu mililita 200 kila mmoja, jumla lita 200. Gramu 120 kwa lita 200 ni gramu 0.6 kwa lita. Mpaka hapo sawa.

Sasa kuku wameugua na unywaji umeshuka hadi lita 130. Mfugaji anaendelea na gramu 0.6 kwa lita. Kuku wanapata gramu 78 za poda, sawa na miligramu 13 kwa kilo, theluthi mbili tu ya kilichokusudiwa. Siku ya joto kali, unywaji ukipanda hadi lita 300, wanapata miligramu 30. Kila digrii moja juu ya nyuzi 21 huongeza unywaji kwa takriban asilimia 6 hadi 7, kwa hiyo mabadiliko haya ni ya kila siku. Dawa ipimwe kwa uzito wa kuku, halafu iyeyushwe kwenye kiasi cha maji ambacho kuku walikunywa jana kwa mujibu wa mita au ndoo zilizohesabiwa. Kanuni ya "kijiko kimoja kwa ndoo" haijui kuku wako wana uzito gani, na kijiko chenyewe hubeba uzito tofauti kulingana na poda ilivyo nyepesi au ilivyoshindiliwa. Mizani ndogo ya gramu ni kifaa cha lazima.

Wengine huharibu mambo hata baada ya kupima vizuri. Tetrasaiklini ikiwekwa kwenye maji magumu yenye kalisi na magnesi nyingi inashikana na madini hayo, na kuku hawainyonyi ipasavyo. Poda iliyomwagwa tangini bila kuyeyushwa kwanza kwenye ndoo ndogo inatulia chini, kwa hiyo maji ya asubuhi yanakuwa na dawa kidogo na ya jioni yanakuwa na nyingi. Kuku dhaifu wanasukumwa na wenye nguvu na hawafiki kwenye chombo. Dawa inakatishwa siku ya pili kwa kuwa kuku wamechangamka. Na dozi ikishamalizika, mabaki yanabaki kwenye utando telezi ndani ya mabomba yakichuruzika kidogokidogo kwa siku kadhaa. Kiasi kile kidogo kisichoua bakteria yeyote kinatosha kumpa bakteria sugu nafasi ya kumshinda mwenzake.

Tuseme sasa kila kitu kimefanyika sawasawa. Dawa bado haimalizi Salmonella. Sehemu yake imejificha ndani ya seli za kinga, mahali ambapo dawa nyingi hazifiki kwa nguvu ya kutosha, na sehemu nyingine iko kwenye maranda, vumbi na panya, ambao hawakunywa dawa. Wakati huohuo dawa imefyeka bakteria wema waliokuwa wameziba nafasi kwenye sekamu. Dozi ikiisha kuku wanameza Salmonella walewale kutoka chini, safari hii kwenye utumbo uliobaki wazi. Kipimo kinachochukuliwa wakati wa dozi au mara tu baada yake kinaweza kusoma "hakuna" kwa sababu bakteria wamepungua tu. Baadhi ya wafugaji hutoa dawa kabla ya sampuli kuchukuliwa kwa makusudi. Wanachonunua ni cheti, na machinjio yanapokea kuku walewale.

Soma pia lebo za pakiti za "vitamini" za siku za mwanzo. Baadhi zina tetrasaiklini au antibiotiki nyingine ndani, kwa kiwango cha chini, na zinatolewa kwa vifaranga ambao hawaumwi.

Na kipindi cha kusubiri kabla ya kuchinja? Kinahusu mabaki ya dawa kwenye nyama. Kikizingatiwa, mabaki yanashuka chini ya kiwango kilichowekwa. Bakteria sugu aliyechaguliwa na dawa hiyo hasubiri wala haondoki. Nyama inaweza kuwa safi kabisa kwa mabaki na ikabeba Salmonella asiyesikia dawa nne.

Maabara na majibu yake

Sampuli ya banda la kuku wa nyama huchukuliwa kwa soksi za kitambaa zinazovaliwa juu ya buti safi. Zinaloweshwa kwanza kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, kwa sababu kitambaa kikavu hakishiki vumbi vizuri, na maji ya bomba yenye klorini yanaweza kuua unachokitafuta. Mtu anatembea angalau hatua 100 kwa kila jozi akipita katikati, pembeni, chini ya vinywesheo na karibu na milango, jozi mbili zikigawana banda nusu kwa nusu. Umoja wa Ulaya unataka hili lifanyike ndani ya wiki tatu kabla ya kuchinja. Kupangusa kuku watano kwa pamba hakuwezi kuchukua nafasi ya soksi, kwani katika kundi kubwa wanaomwaga bakteria siku hiyo wanaweza kuwa wachache.

Maabara inaloweka sampuli kwenye mchuzi wa peptoni kwa takriban saa 18 ili bakteria waliochoka wapate nguvu, kisha inahamishia kwenye chombo cha nyuzi 41.5 ambapo Salmonella huogelea kutoka kwenye tone na kuacha duara la weupe. Baadaye inapandikizwa kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya aina ya XLD, ambako koloni hutokea nyekundu zenye kitovu cheusi. Tahadhari moja: Gallinarum na Pullorum hawaogelei, kwa hiyo njia hii inawapita. Jibu la "hakuna Salmonella" kutoka kipimo hiki halitoi uhakika kuhusu homa ya matumbo ya kuku.

Kipimo cha usugu kinafuata. Bakteria wanapakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton, visahani vya karatasi vyenye dawa vinawekwa juu, na baada ya usiku mmoja upana wa eneo lisiloota kitu unapimwa kwa milimita. Katika kusoma karatasi ya majibu, angalia mambo mawili. Gentamaisini na sefalosporini (jamii ya seftriaksoni) za vizazi vya mwanzo zinaweza kuonekana zinaua vizuri kwenye sahani, lakini hazifanyi kazi mwilini dhidi ya Salmonella, na maabara makini haiziripoti kama tiba inayofaa. Pili, usugu wa siprofloksasini wa kiwango cha chini hujificha kwenye kisahani cha siprofloksasini chenyewe. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya unatumia kisahani cha pefloksasini, ndugu wa siprofloksasini, cha mikrogramu 5, na eneo lililo chini ya milimita 24 linahesabiwa kuwa sugu. Karatasi inayosema "hufa kwa siprofloksasini" bila kutaja njia iliyotumika iulizwe swali. Anaitwa sugu kwa dawa nyingi yule anayekinza angalau dawa moja katika kila moja ya makundi matatu au zaidi.

Kinachomtoa

Kazi kubwa ni kati ya kundi na kundi, na mpangilio wake haubadilishwi. Kuku wote waondoke pamoja. Dawa ya mbawakawa inyunyizwe mara moja, banda likiwa bado na joto, kwa kuwa ukisubiri siku mbili wameshapanda kwenye kuta. Mitego na chambo za panya ziwekwe sasa, wakati chakula kingine hakipo. Maranda yatolewe yote, yafunikwe na yapelekwe mbali. Yakirundikwa vizuri kuwa mboji na katikati kufikia nyuzi 55 hadi 65, huku yakigeuzwa ili pembeni nako kupate joto, Salmonella hufa. Fagia hadi vumbi la kwenye mapaa na feni litoke. Lowesha kwa sabuni ya povu, acha, osha kwa mgandamizo, suuza, acha pakauke. Baada ya hapo ndipo dawa ya kuulia vijidudu inapofuata, takriban mililita 300 kwa kila mita ya mraba.

Wengi huishia kushindwa kwenye hatua hiyo ya kukausha. Dawa ikipigwa kwenye sakafu yenye madimbwi inazimuliwa, na nguvu iliyoandikwa kwenye chupa haipo tena. Ikipigwa juu ya kinyesi, uchafu wenyewe unaimaliza nguvu kabla haijamfikia bakteria. Dawa za jamii ya amonia zinapoteza nguvu zikikutana na mabaki ya sabuni nyingi za kawaida, na glutaraldehaidi ni dhaifu kwenye baridi. Sakafu yenye nyufa haitakasiki kwa dawa yoyote. Izibwe kwa saruji. Banda likae tupu na kavu, wiki mbili ikiwezekana, na kabla ya kuingiza vifaranga sampuli zichukuliwe kwenye nyufa, chini ya vyombo vya chakula na kwenye matundu ya feni.

Mabomba ya maji husahaulika. Jaza mstari wote kwa peroksidi ya haidrojeni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kiwango cha lebo, iache usiku kucha, kisha sukuma maji kwa nguvu hadi utando utoke. Wakati kuku wapo, klorini huru ya miligramu 2 hadi 4 kwa lita ipimwe kwenye kinywesheo cha mwisho kabisa, si tangini. pH nayo ipimwe: kwenye pH 7 robo tatu hivi ya klorini iko katika hali inayoua, kwenye 8.5 ni chini ya sehemu moja kati ya kumi. Siku ya chanjo hai kwenye maji klorini ifungwe.

Kwa upande wa kuku mwenyewe, wazo lenye historia ndefu zaidi ni lile la Nurmi na Rantala, Wafini waliochapisha mwaka 1973 baada ya nchi yao kusumbuliwa na Infantis kwenye kuku wa nyama. Walimpa kifaranga bakteria wa utumbo wa kuku mkubwa mwenye afya, nafasi zikajaa, na Salmonella akakosa pa kushika. Mchanganyiko wa namna hiyo hunyunyizwa siku ya kwanza. Hauzuii kila kitu, na hausaidii chochote ukifuatwa na antibiotiki siku ya tatu. Chanjo ina faida kubwa zaidi kwa kuku wazazi, kwani wa nyama anaishi muda mfupi mno. Inapunguza umwagaji wa aina zilizolengwa, hasa Enteritidis na Typhimurium. Infantis anaweza kupita pembeni. Antibiotiki isitolewe karibu na siku za chanjo hai, kwa kuwa chanjo yenyewe ni Salmonella aliyedhoofishwa na itakufa.

Saa za mwisho kabla ya machinjio zina mtego wake. Kuku hunyimwa chakula saa 8 hadi 12 ili utumbo uwe mwepesi. Kwa njaa wanadonoa maranda, na asidi ya kwenye mfuko wa chakula wa shingoni inapungua kwa sababu bakteria wema wanaotengeneza asidi hiyo wamekosa lishe. Mfuko huo ndio unaopasuka kirahisi machinjioni. Asidi ya laktiki ya karibu asilimia 0.4 hadi 0.5 kwenye maji ya saa hizo hupunguza Salmonella humo, ila ikizidi kuku wanagoma kunywa.

Jikoni usugu haubadilishi kitu: Salmonella sugu hana ustahimilivu wa ziada wa moto, na nyama iliyofika nyuzi 70 katikati kwa dakika mbili ni salama. Hatari iko kwenye ubao na kisu kilichogusa nyama mbichi, na kwenye matone yanayoruka nyama hiyo inapooshwa chini ya bomba.

Majibu yakirudi na Salmonella sugu kwenye kundi lililo karibu kuuzwa, kundi halitibiwi kwa ajili hiyo. Linachinjwa mwisho wa siku, baada ya makundi safi, na makreti yake yanaoshwa na kutakaswa kabla ya kutoka tena. Kisha inatafutwa chanzo, na hapa kuna kipimo cha bei nafuu kisichotumika vya kutosha: karatasi za chini ya visanduku vya vifaranga. Zipelekwe maabara siku vifaranga wanapowasili, na soksi zivaliwe tena wiki ya tatu. Karatasi zikiwa na aina ileile yenye usugu uleule, mazungumzo ni ya kituo cha kutotolesha na kuku wazazi. Zikiwa safi na soksi zikawa na Salmonella aliyekuwepo kundi lililopita, banda halikutakaswa, au panya na mbawakawa walivuka. Akiwa aina mpya kabisa, anza na chakula, kisha buti na magari yanayoingia.